Simu ya Mezani Yenye Vitufe vya Kupangiwa Kazi: Mambo ya Kuyajua Kabla na Baada ya Kununua

Somo hili limeandikwa kwa ajili ya taasisi za wilaya za Mbulu na Hanang zenye vyumba zaidi ya kimoja, watumishi zaidi ya mmoja, na namba moja au mbili tu za simu ambazo umma unazijua. Tunazikusudia shule za sekondari, hospitali na vituo vya afya, vyama vya akiba na mikopo, ofisi za halmashauri, parokia na sharika, na wafanyabiashara wa ngano, mifugo na vitunguu saumu waliokwisha kuvuka ukubwa wa kuendesha shughuli zao kwa simu moja ya mkononi mfukoni mwa mwenye mali. Kwa taasisi ya namna hiyo simu ya mkononi haijaondoa haja ya simu ya ofisi. Mkulima wa Basotu anayetaka kuulizia mkopo wake hana sababu ya kuijua namba ya mkononi ya mhasibu. Anapaswa kupiga namba ya chama, apokewe, kisha ahamishiwe panapohusika, hata kama mhasibu aliyemfahamu mwaka jana amehamia Kiteto.

Kazi hiyo ya kupokea na kuhamisha ndiyo inayofanywa vizuri na simu ya mezani ya kidijitali, ile yenye safu ya vitufe kando ya kioo, kila kitufe na taa yake ndogo. Wauzaji huinadi kwa idadi ya vitufe: vinane, kumi na viwili, ishirini na vinne. Mnunuzi naye huhesabu vitufe, akalinganisha bei, akalipa. Tunamwomba msomaji asianzie hapo. Vitufe hivyo peke yake havijui kitu. Kinachojua ni swichibodi, yaani lile sanduku la ukutani au la kabatini linaloziunganisha simu zote za ofisi na laini za nje, na fedha nyingi hupotea kwa sababu mnunuzi ameinunua simu bila kuiuliza swichibodi.

Kinachotokea kitufe kinapobonyezwa

Simu ya mezani ya kawaida, ya analojia, hupeleka sauti kwenye waya kama wimbi la umeme linalopanda na kushuka kadiri msemaji anavyoipandisha na kuishusha sauti yake. Simu ya kidijitali huipima sauti hiyo mara 8,000 kwa kila sekunde, na kila kipimo hukiandika kwa biti 8. Ndiyo sababu mazungumzo ya simu moja huhitaji biti 64,000 kwa sekunde. Juu ya jozi ile ile ya nyaya hupita njia nyingine nyembamba ambayo haibebi sauti, bali taarifa fupi fupi zinazokwenda na kurudi kati ya simu na swichibodi. Vitufe hufanya kazi kwa njia hiyo ya pili.

Mtumishi wa mapokezi anapobonyeza kitufe cha tano, simu yake haielewi kwamba kitufe hicho ni cha maabara. Hupeleka taarifa moja tu, kwamba kitufe cha tano kimebonyezwa. Swichibodi huitazama kumbukumbu yake, ikakuta imeandikwa kuwa kitufe cha tano cha simu ile ni maabara, ikaipigia maabara. Hata taa inayowaka kando ya kitufe haikuwashwa na simu yenyewe; imewashwa kwa amri iliyotoka kwenye swichibodi. Maandishi ya kwenye kioo ni hivyo hivyo.

Mtu akilifahamu jambo hili moja, mengi yaliyokuwa yakimshangaza hujieleza yenyewe. Hufahamu kwa nini simu mbili za aina moja, zilizonunuliwa siku moja, hufanya kazi tofauti katika vyumba viwili. Hufahamu kwa nini, katika swichibodi nyingi za kidijitali, ukiichomoa simu ya mkuu wa shule na kuichomeka kwenye soketi ya stoo, huwa simu ya stoo papo hapo: kumbukumbu imefungwa kwenye soketi, haikufungwa kwenye simu. Hufahamu pia kwa nini simu ya kidijitali iliyochomekwa moja kwa moja kwenye laini ya TTCL hukaa kimya kama tofali ijapokuwa plagi imeingia vizuri. Plagi zinafanana, lakini lugha zao ni mbili tofauti, na mara nyingine jaribio hilo huweza kuharibu kifaa.

Taa na kazi zake

Kwa aina nyingi za simu hizi, taa iliyozima maana yake ni kwamba laini au chumba hicho kiko wazi. Inayowaka bila kukatika, kinatumika. Inayomweka, kuna simu inaita au kuna mtu amesubirishwa. Rangi na kasi ya kumweka hutofautiana kati ya mtengenezaji na mtengenezaji, kwa hiyo tunashauri kila simu ya mapokezi iwekewe kikaratasi chenye maelezo hayo kwa Kiswahili. Anayekaa pale leo si lazima awe ndiye atakayekaa pale mwezi ujao.

Kazi zinazoweza kupangiwa kitufe ni nyingi kuliko ofisi yoyote inavyozihitaji. Ya kwanza kwa umuhimu ni kitufe cha laini ya nje, na ya pili ni kitufe cha chumba, ambacho huonyesha kwa taa yake kama mwenye chumba yumo kwenye mazungumzo, na hapo hapo humpigia kwa mguso mmoja. Mapokezi ya hospitali yenye wodi kadhaa, maabara, famasia na ofisi ya muuguzi mkuu hayawezi kufanya kazi ipasavyo bila vitufe hivi, kwa kuwa mpokeaji hulazimika kumwambia mpigaji asubiri ilhali hajui anamsubirisha kwa ajili ya nani. Baada ya hapo huja kitufe cha kuidaka simu inayolia chumba cha jirani, cha kuelekeza simu mahali pengine, cha kuzuia usumbufu, cha mazungumzo ya watu watatu au zaidi, na cha kupiga kwa haraka namba inayotumika kila siku. Ofisi yenye simu nyingi sana za ndani huweza kuongezewa ubao wa pembeni wenye makumi ya vitufe, lakini ubao huo ni ghali, na tunauona kuwa wa lazima kwa mapokezi makubwa tu.

Kabla ya kuamua idadi ya vitufe, weka daftari mapokezi kwa wiki moja. Kila simu inapoingia, mpokeaji aandike imehamishiwa wapi. Mwisho wa wiki utaona kwamba simu nyingi huishia katika vyumba vichache. Hivyo ndivyo vinavyostahili vitufe. Vingine vipigiwe kwa namba zao za ndani.

Majina ya kwenye vitufe yaandikwe ya vyeo na vyumba, yasiwe ya watu. Katika utumishi wa umma uhamisho ni jambo la kawaida, na kitufe chenye jina la ofisa aliyekwisha kuondoka humpoteza mtumishi mgeni kwa miezi mingi. Yapo pia mahitaji ambayo mtengenezaji wa simu hakuyawaza, nayo ndiyo yanayoipa simu hizi thamani katika wilaya zetu. Miongoni mwa wanaopiga simu katika ofisi za Mbulu na Hanang wamo wazee wanaojieleza kwa ufasaha zaidi kwa Kiiraqw au kwa lugha ya Wabarbaig kuliko kwa Kiswahili. Taasisi yenye mtumishi anayeifahamu lugha husika inaweza kumpangia kitufe chake kwenye simu ya mapokezi, kikaandikwa jina la lugha hiyo. Gharama yake ni dakika chache za fundi, na mzee aliyepiga kuulizia dawa au fidia hatakata simu kwa kukata tamaa.

Kuna kitufe kimoja tunachokitilia shaka, nacho ni cha kuongea na chumba kingine bila mwenye chumba kunyanyua mkonga. Simu ya upande wa pili hujifungua spika na kinasa sauti yenyewe. Ni rahisi kwa mkurugenzi na katibu muhtasi wake, lakini katika chumba cha daktari, cha mshauri nasaha au cha ofisa mikopo, mazungumzo ya mgonjwa au mteja yanaweza kusikika pasipo yeye kujua. Tunashauri kazi hiyo ifungwe katika vyumba hivyo. Taasisi inayorekodi simu nayo ikumbuke kuwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inayahusu mazungumzo ya wateja wake.

Namba 112, na saa ambazo ofisi imefungwa

Tunaombwa mara kwa mara tuseme ni kipengele gani cha simu hizi kinachopaswa kukaguliwa kwanza. Kwa maoni yetu si kioo wala vitufe. Ni mpangilio wa namba za ndani.

Mafundi wengi hupenda kuzipa simu za ndani namba za tarakimu tatu kuanzia 101. Ofisi yenye simu ishirini huishia 120. Katikati ya safu hiyo wamo 112 na 114. Namba 112 ni ya dharura ya Polisi, na 114 ni ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Katika ofisi iliyopangwa hivyo, mtumishi anayeona moshi ukitoka bwenini na kupiga 114 ataipigia stoo, na kama ni usiku simu hiyo italia mpaka ichoke. Dawa yake ni nyepesi: namba za ndani zianze na 2 au 3, na swichibodi ielekezwe kuwa 112 na 114 ni namba za nje zinazopita bila masharti, iwe mpigaji ametanguliza 9 ya kutafuta laini au hakutanguliza. Vizuizi vya kupiga nje, ambavyo tutavieleza hapa chini, visizihusu namba hizi hata kidogo. Mwombe fundi aonyeshe kwenye kumbukumbu ya swichibodi kwamba jambo hilo limefanyika. Msizipigie namba za dharura kwa kujaribu tu.

Jambo la pili ni saa ambazo hakuna mtu ofisini. Maporomoko ya tope na mawe kutoka Mlima Hanang yaliyoikumba Katesh na vijiji vya jirani tarehe 3 Desemba 2023 yalitokea alfajiri ya Jumapili. Maafa hayachagui saa za kazi, na kwa saa nyingi zaidi za juma ofisi zetu huwa zimefungwa. Simu inayolia katika chumba kilichofungwa haimsaidii aliyeipiga, na mbaya zaidi, humfanya aamini kwamba amekwisha kutoa taarifa au kwamba hakuna wa kumsikia. Karibu kila swichibodi ya kidijitali ina kazi ya huduma ya usiku: kitufe kimoja, au saa ya ndani ya swichibodi yenyewe, hubadili njia ya simu zinazoingia ili ziende kwa mlinzi, kwa mtumishi wa zamu, au kwenye simu ya mkononi ya ofisa aliyeteuliwa wiki hiyo. Hospitali, shule za bweni na ofisi za halmashauri zisikubali kukabidhiwa mfumo ambao kazi hii haijapangwa na kujaribiwa mbele yao. Jaribio ni kupiga namba ya ofisi Jumamosi jioni ukiwa nyumbani, na kusikiliza nani anaitika.

Simu zinapoelekezwa kwenye simu ya mkononi, sehemu ya pili ya safari hulipiwa na taasisi. Gharama hiyo iwekwe kwenye bajeti mapema, la sivyo mhasibu ataizima huduma hiyo mwezi wa pili bila kumwambia mtu.

Umeme, radi na mvua

Simu ya kidijitali haina betri. Hupata umeme kutoka kwenye swichibodi kupitia waya wake wa simu, na swichibodi hupata umeme wa TANESCO. Umeme ukikatika na swichibodi ikazima, simu zote za ofisi huzima pamoja. Simu za aina mpya zaidi, zinazotumia mtandao wa kompyuta, ziko katika hali hiyo hiyo: hulishwa kwa waya wa mtandao na kifaa cha kugawa mtandao, kwa kawaida kwa volti zipatazo 48, na kifaa hicho kikizima nazo huzima.

Kwa hiyo bei ya simu haijakamilika bila bei ya betri ya akiba. Muulize muuzaji, na umtake aandike kwenye hati ya bei, betri hiyo itaihimili swichibodi na simu zote kwa saa ngapi. Neno la mdomoni kwamba inakaa muda mrefu halitoshi. Uliza pia kama swichibodi ina njia ya dharura ya umeme kukatika. Swichibodi nyingi zilizoundwa kwa laini za analojia zina swichi ndogo ya ndani ambayo, umeme unapokatika, huiunganisha laini moja ya nje na simu moja ya kawaida ya analojia, na simu hiyo hufanya kazi kwa umeme mdogo unaokuja na laini yenyewe. Simu hiyo moja ya bei ndogo, ikiwa kwa mlinzi au katika chumba cha zamu, ina thamani kubwa usiku wa giza kuliko simu ishirini zenye vioo. Lakini ikiwa laini yako ya nje inakuja kwa nyaya za fiba au kwa laini ya simu ya mkononi, njia hiyo haipo, na tegemeo lako ni betri tu pamoja na simu ya mkononi yenye chaji.

Kuhusu radi, tutasema machache. Waya wa simu uliotandazwa juu kwa juu kutoka jengo hadi jengo, kama ilivyo katika shule na misheni nyingi, huikaribisha radi ndani ya swichibodi. Pawepo waya wa ardhini uliopimwa, na vizuia mshtuko wa umeme katika pande zote mbili, upande wa TANESCO na upande wa nyaya za simu zinazoingia kutoka nje. Wengi huweka kile cha kwanza wakasahau cha pili. Kazi hii ifanyike kabla ya masika, na uharibifu wa radi utajwe wazi katika waranti, kama unalipiwa au haulipiwi.

Nani anashika ufunguo

Tulisema kwamba akili ya vitufe iko katika kumbukumbu ya swichibodi. Anayeweza kuifungua kumbukumbu hiyo ndiye bwana wa simu zako. Baadhi ya vitufe mtumiaji mwenyewe anaweza kuvibadili akiwa mezani pake, kama vile vya kupiga kwa haraka. Vingine, kama vile vya laini za nje, huduma ya usiku na vizuizi, hubadilishwa na mwenye nywila ya uongozi tu.

Hali tunayoiona kuwa ya hatari ni hii: fundi amekuja kutoka Arusha, amefunga mfumo kwa siku mbili, ameondoka na nywila kichwani mwake. Kutoka Arusha hadi Babati ni zaidi ya kilomita 150, na Mbulu, Katesh au Haydom ni mbele zaidi. Baada ya hapo kila badiliko dogo, hata la kuhamisha kitufe kimoja, hugharimu nauli, posho na siku kadhaa za kusubiri. Na fundi akibadili kazi, mfumo huwa umefungwa na ufunguo umetupwa mtoni. Mkataba useme kwamba malipo ya mwisho hayatolewi mpaka taasisi ikabidhiwe vitu vitatu: nywila za uongozi katika bahasha iliyofungwa, itakayotunzwa na mkuu wa taasisi, nakala ya kumbukumbu ya swichibodi iliyohifadhiwa kwenye kifaa cha kuhifadhia data, na jedwali la karatasi linaloonyesha kila soketi, namba yake ya ndani, chumba chake, na kazi ya kila kitufe. Swichibodi ikipigwa na radi, fundi yeyote mwenye ujuzi ataweza kurudisha mfumo kwa siku moja akiwa na vitu hivyo. Asipokuwa navyo ataanza kwa kuuliza kila chumba kitufe chao kilikuwa cha nini.

Nywila zenyewe zisiwe zile za kiwandani. Hizo hujulikana, kwani huchapwa katika vitabu vya maelekezo, na wapo wezi wanaoishi kwa kuzijaribu. Hupiga katika swichibodi usiku au mwisho wa juma, wakiingia hutumia laini za taasisi kupiga simu za nchi za mbali, na ankara humfikia mwenye laini. Kinga yake ni kuifunga namba ya utangulizi ya 000, ambayo hapa nchini hutangulia simu za nje ya nchi, kwa simu zote isipokuwa moja au mbili zinazoihitaji kweli kweli, na hizo zitake tarakimu za siri. Pia izuiwe njia ya mtu wa nje kuingia kwenye swichibodi na kutoka tena kwa laini nyingine, maana ofisi chache sana zina haja nayo.

Mahali ambapo hakuna laini ya waya, mafundi huiunganisha swichibodi na kadi ya simu ya mkononi kwa kifaa maalumu. Njia hii hufaa, lakini kadi isajiliwe kwa jina la taasisi. Kadi iliyosajiliwa kwa jina la fundi ni namba ya fundi, na siku mtakapogombana ataondoka na namba ambayo mmeitangaza kwa umma kwa miaka.

Kununua bila kujutia

Simu za kidijitali, tofauti na zile za analojia, huwa ni za ukoo mmoja na swichibodi yake. Simu ya kidijitali ya mtengenezaji mmoja haisemezani na swichibodi ya mwingine, na mara nyingine hata ndani ya kampuni moja simu ya toleo jipya hukataliwa na swichibodi ya toleo la zamani. Hivyo simu nzuri iliyotumika, inayouzwa kwa bei ya kutupwa dukani, inaweza isikufae kabisa. Chukua jina kamili na namba ya toleo ya swichibodi yako, ambayo huandikwa ndani ya mfuniko, pamoja na namba ya toleo ya simu, ambayo huandikwa chini ya kitako chake, na umtake muuzaji athibitishe kwa maandishi kwamba viwili hivyo vinaafikiana. Kama anaweza kuja na simu moja na kuichomeka mbele yako kabla ya malipo, ni bora zaidi.

Ukoo huo una hatari nyingine. Kampuni ya Nortel ya Kanada ilikuwa miongoni mwa majina makubwa ya simu za ofisi duniani, na simu zake zenye vitufe zilipatikana kila bara. Mwezi Januari 2009 iliomba kinga ya mufilisi, na mwaka huo huo kitengo chake cha simu za ofisi kikauzwa kwa kampuni ya Avaya. Avaya nayo ilijikuta katika mahakama za mufilisi za Marekani mwaka 2017 na tena mwaka 2023. Wenye swichibodi hawakupoteza simu zao siku hiyo, lakini vipuri na mafundi wa mfumo usioendelezwa huwa adimu mwaka hadi mwaka, na adimu kwanza katika maeneo yaliyo mbali na miji mikubwa. Muulize muuzaji kama aina anayokuuzia bado inatengenezwa, na vipuri vyake vinapatikana mji gani.

Simu zinazopita kwenye mtandao wa kompyuta hupunguza kifungo hicho kwa kiasi, kwa sababu nyingi hufuata utaratibu wa pamoja uitwao SIP, ambao toleo lake linalotumika zaidi lilitangazwa Juni 2002. Simu ya kampuni moja huweza kupiga na kupokea kwenye mfumo wa nyingine. Hata hivyo, muuzaji anapokuambia kwamba simu yake itafanya kazi, muulize kuhusu vitufe na taa hasa. Kupiga na kupokea ni jambo moja. Kuonyesha kwa taa kwamba famasia wako kwenye mazungumzo ni jambo jingine linalohitaji maafikiano zaidi ya pande mbili. Na kwa ofisi yenye nyaya za simu zilizokwisha kutandazwa, ambayo haina mtandao wa kompyuta wa kutegemewa, hatuoni aibu kushauri swichibodi ya kidijitali ya kawaida, mradi iwe hai sokoni.

Vifaa vya mawasiliano vinapaswa kuwa vimeidhinishwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania kwa mujibu wa Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010. Dai ushahidi wa idhini hiyo. Dai risiti ya mashine ya EFD inayotaja aina na toleo la kifaa, kwa kuwa risiti iliyoandikwa "simu" peke yake haimfungi mtu.

Katika barua ya kuagiza, andika matumizi unayoyakusudia kwa maneno ya kawaida: simu kumi na sita, swichibodi ya aina fulani, mapokezi yaone taa za vyumba vinane, huduma ya usiku iende kwa mlinzi, betri ihimili saa nne. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa humlinda mnunuzi aliyemjulisha muuzaji shabaha ya kununua kwake. Aliyetaja jina la kifaa tu, akaletewa kifaa hicho hicho, huwa na hoja dhaifu hata kama hakimfai.

Pakitokea mgogoro

Tenganisha kwanza chanzo. Ikiwa laini ya nje haina mlio hata unapoichomoa kwenye swichibodi na kuijaribu kwa simu ya kawaida, tatizo ni la mtoa huduma ya laini. Mpelekee malalamiko kwa maandishi, upewe namba ya kumbukumbu. Asipokuridhisha, suala hilo hupelekwa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, ambayo kwa mikoa ya kaskazini ina ofisi ya kanda jijini Arusha. Na Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano, lililoanzishwa chini ya Sheria ya Mamlaka hiyo ya mwaka 2003, hupokea hoja za watumiaji na kuwashauri. Ikiwa laini ni nzima lakini simu, vitufe au swichibodi havifanyi kile kilichoahidiwa, mgogoro ni kati yako na muuzaji. Rejea kwake na barua ya kuagiza, hati ya bei, risiti na jedwali la vitufe. Ukishuku kwamba umeuziwa bidhaa bandia au umedanganywa kuhusu ubora wake, Tume ya Ushindani ndiyo yenye mamlaka hayo. Usimruhusu fundi mwingine kufungua swichibodi ndani ya kipindi cha waranti kabla ya kumwandikia muuzaji, na piga picha ya kioo na taa zilivyo siku ile hitilafu inapoonekana, kwa maana swichibodi ikizimwa na kuwashwa tena, dalili hizo zinaweza kutoweka.